Okidi za Bulbophyllum na Namna ya Kuzitunza Ndani ya Nyumba za Kigoma

Hotuba iliyotolewa Ujiji, Kigoma, mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi wa sekondari na wapenda bustani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliokubali kuacha shughuli za jioni mkaja kuketi nasi, akina mama wa vikundi vya bustani, nanyi vijana wetu wa sekondari: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumzie maua ya kupamba nyumba, nami ningeweza kutaja aina nyingi kwa haraka, kila moja sentensi mbili au tatu. Nimeona ni heri nichukue jenasi moja tu ya okidi, yaani kundi moja la spishi zilizo ndugu wa karibu, niieleze kwa kirefu, kwa sababu mtu akiielewa hiyo vizuri atakuwa ameelewa jambo ambalo wengi wanaonunua okidi hawalijui: kwamba mmea huu hauishi kwa udongo, unaishi kwa hewa, na kazi ya mtunzaji ni kuitunza hewa hiyo. Jenasi ninayoisema inaitwa kwa jina la kisayansi Bulbophyllum.

Ukoo wa okidi una spishi zaidi ya 25,000 duniani. Kati ya jenasi zake zote, Bulbophyllum ndiyo kubwa kuliko nyingine. Peke yake ina spishi zaidi ya 2,000, na ni miongoni mwa jenasi kubwa kabisa katika mimea yote itoayo maua. Iliandikwa rasmi mwaka 1822 na Mfaransa Louis-Marie Aubert du Petit-Thouars, ambaye alikuwa amekusanya mimea Madagaska na katika visiwa jirani, kwa hiyo sayansi iliifahamu kwanza kutokana na mimea ya upande wetu huu wa Bahari ya Hindi. Leo tunajua kwamba makao yake makuu ni kisiwa cha Guinea Mpya, ambacho kina spishi zaidi ya 600, na kwamba Madagaska nayo ina takribani 200. Afrika bara ina chache zaidi. Mholanzi Jaap Vermeulen alizipitia upya zote katika kazi aliyoichapisha mwaka 1987, na hazikufika 100. Hata hivyo Tanzania haikukosa fungu lake: Bulbophyllum sandersonii, Bulbophyllum josephi, Bulbophyllum cochleatum na nyingine zimeandikwa katika misitu yetu, na Mtanzania anayeishika okidi hii hashiki kitu kigeni.

Umbo la mmea lina mpango mmoja unaotambulika hata pale maua yanapotofautiana kupita kiasi. Kuna shina linalotambaa juu ya gome la mti. Juu ya shina hilo, kwa nafasi, hukaa vivimbe vya kijani vinavyohifadhi maji, ambavyo wakuzaji huviita matunguu, na kila tunguu hubeba jani moja au mawili kileleni. Maua hayatoki kileleni penye majani, bali hutoka chini, kwenye kitako cha tunguu. Mizizi ni myembamba na mifupi, imejishika kwenye gome na kwenye kuvumwani, ile mimea midogo laini ya kijani inayolifunika gome hilo. Hapa niwaombe wazee wangu jambo moja, kwa kuwa nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba okidi hunyonya mti na kuuua. Hainyonyi. Mizizi yake haiingii ndani ya mti, haigusi utomvu wake, na chakula chake chote inakipata kutokana na mwanga, mvua, vumbi na majani makavu yanayooza katika mipasuko ya gome. Mti kwake ni mahali pa kukaa tu, na mtu anayeikwangua okidi kwenye mwembe wake kwa kudhani anauokoa mwembe anajisumbua bure.

Ndani ya mpango huo mmoja, tofauti za ukubwa ni za kushangaza. Huko Australia kuna Bulbophyllum minutissimum, ambayo matunguu yake yana upana wa milimita chache tu, yamelala juu ya mwamba au gome hata mtu akadhani ni ukoga. Guinea Mpya ina Bulbophyllum phalaenopsis, ambayo majani yake mazito huning'inia na huweza kupata urefu wa zaidi ya nusu mita, na Sulawesi kuna Bulbophyllum echinolabium, ambayo ua lake moja likifunguka huzidi urefu wa rula ya mwanafunzi. Bulbophyllum medusae ya Asia ya Kusini-Mashariki hutoa maua mengi kwa pamoja, kila ua likiwa na sepali, yaani vijani vya nje vya ua, zilizorefuka zikawa nyuzi nyeupe zinazoning'inia. Mtu asiyeambiwa hawezi kuamini kwamba yote haya ni jenasi moja.

Kwa nini basi maua yawe na sura nyingi namna hii, ilhali mwili wa mmea umebaki na mpango uleule? Jibu lake ni inzi. Okidi nyingi duniani huhudumiwa na nyuki, au nondo, au ndege. Bulbophyllum, kwa sehemu kubwa, imejikabidhi kwa inzi wa kila aina, wakubwa na wadogo mno, na kila spishi imetengeneza ua lake kumfuata inzi wake.

Naomba wanafunzi wa mstari wa mbele wasogee karibu na mmea huu ulio mezani. Huu ni Bulbophyllum falcatum, spishi ya misitu ya Afrika Magharibi na Kati inayofika hadi Uganda. Mmea huu wenyewe ulizalishwa kitaluni. Tazameni mkono wa maua uliotoka chini ya tunguu. Umebapa, una upana wa kidole hivi, una kijani kilichochanganyika na zambarau, na maua yenyewe, ambayo kila moja ni la milimita chache, yamejipanga mstari mmoja katikati ya ubapa huo, upande huu na upande wa pili. Sasa chukueni lenzi, kila mmoja kwa zamu. Ndani ya kila ua kuna petali moja ndogo, nene kidogo kuliko wenzake: huo ndio mdomo wa ua. Mdomo huo haukukazwa. Umeshikizwa kwenye mguu wa nguzo ya ua, yaani kile kijiti cha katikati kinachobeba chavua, kwa kiungo chembamba kinachofanya kazi kama bawaba ya mlango, na nikipuliza pumzi kidogo sana, hivi, mnaona unavyopanda na kushuka. Pumzi ikikoma, nao hutulia.

Bawaba hiyo ndiyo mtambo wote. Inzi hutua juu ya mdomo, akatembea kuelekea ndani akifuata harufu au utamu. Akivuka mahali fulani, uzito wake huupindua mdomo ghafla na kumtupa mgongo wake dhidi ya nguzo, pale ambapo vibunda vya chavua vimekaa tayari. Vibunda hunata mgongoni. Inzi hujinasua, akaruka, na akitua kwenye ua jingine la spishi hiyohiyo akatupwa tena, chavua huachwa mahali pake. Spishi mbili zinazoishi juu ya tawi moja zinaweza kukaa bila kuchanganyika kwa sababu tu urefu wa mdomo wa moja unamfaa inzi wa milimita tatu na wa nyingine unamfaa mwingine mnene zaidi.

Habari ya harufu inatuhusu sisi wa mkoa huu kwa namna ya pekee, nami nataka kukaa hapa kidogo. Mtaalamu wa Malaysia Keng Hong Tan na mwenzake wa Japani Ritsuo Nishida walionyesha mwaka 2000 kwamba Bulbophyllum patens hutoa zinjeroni, kemikali ambayo hupatikana pia katika tangawizi, na kwamba inzi dume wa matunda huivamia kwa wingi. Miaka miwili baadaye wao pamoja na wenzao walieleza kwamba Bulbophyllum cheiri hutumia kemikali nyingine, methili eujinoli, iliyo ndugu wa ile inayoipa karafuu harufu yake. Inzi dume haji kutafuta nekta. Huja kuilamba kemikali hiyo, akaigeuza mwilini mwake kuwa manukato ya kumvutia jike, kwa hiyo ua na inzi wote wawili hufaidika.

Sasa, wakulima wa maembe waliomo humu ndani wanaijua methili eujinoli hata kama hawalijui jina lake. Ni dawa ileile inayowekwa katika mitego ya kopo inayotundikwa miembeni kuwanasa madume wa inzi wa matunda, yule Bactrocera dorsalis aliyetoka Asia, akagunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea kwa kasi barani. Mtego ule unafanya kazi kwa sababu unamwambia inzi maneno ambayo mimea, ikiwamo okidi, ilikuwa imekwisha kumwambia kwa zama nyingi. Mwalimu wa baiolojia anayefundisha uchavushaji akiwa na kopo la mtego mkono mmoja na picha ya Bulbophyllum cheiri mkono wa pili hatahitaji kuwabembeleza wanafunzi wasikilize.

Kuna spishi nyingine iliyonivutia kwa sababu jambo lake kubwa liligunduliwa ndani ya nyumba ya mtu. Mtaalamu wa Kiholanzi Ed de Vogel alileta mmea kutoka kisiwa cha New Britain, Papua Guinea Mpya, ukatunzwa katika bustani ya mimea ya Leiden, Uholanzi. Ulitoa machipukizi ya maua, lakini kila yalipokaribia kufunguka yalionekana kunyauka. De Vogel aliamua kuuchukua mmea nyumbani kwake ili aone kinachotokea, na usiku, karibu saa nne, ua likafunguka. Asubuhi ya siku iliyofuata likajifunga, na halikufunguka tena. Mwaka 2011 mmea huo ulichapishwa kwa jina la Bulbophyllum nocturnum, ukiwa okidi ya kwanza kujulikana ambayo huchanua usiku tu. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani kwamba kutunza mmea sebuleni ni pumbao lisilo na uzito. Kumkesha mmea mmoja nyumbani kulitoa jibu ambalo watunzaji wa mchana wasingelipata.

Nije sasa kwenye utunzaji, na nianze na kosa kubwa la kihistoria. Karne ya 19 Waingereza walipoanza kuletewa okidi za tropiki kwa meli, waliziweka katika nyumba za vioo zilizofungwa kabisa, zenye moto wa makaa na mvuke mzito, wakidhani kwamba tropiki yote ni joto na jasho. Zilikufa kwa wingi. Hali ilianza kugeuka pale wakuzaji wachache, hasa Joseph Paxton aliyekuwa mkuu wa bustani za Chatsworth, walipofungua madirisha, wakaruhusu hewa ipite na joto lishuke. Kosa hilohilo linafanyika leo katika nyumba zetu kwa sura nyingine: mtu ananunua okidi, anaishindilia katika chungu kirefu chenye udongo wa bustani na samadi, anaimwagilia kila siku, na baada ya mwezi mizizi imeoza. Mizizi ya Bulbophyllum inataka vitu viwili ambavyo vinaonekana kupingana, yaani kulowana mara kwa mara na kupata hewa wakati wote, na juu ya tawi la mti vyote viwili vinapatikana bila taabu, kwani mvua hunyesha, maji yakateremka, na upepo ukapita.

Kwa upande wa hewa, mji wetu umebarikiwa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, joto la mchana hapa kwa kawaida huwa karibu nyuzi 28 au 29, na usiku hushuka taratibu hadi nyuzi 18 au 20. Hayo ndiyo yanayotakiwa na spishi nyingi za Bulbophyllum za nyanda za chini. Mkuzaji wa Leiden au London hulipia umeme miezi yote ya baridi ili apate kiasi hicho, ilhali mwenye nyumba Bangwe au Kibirizi hufungua dirisha tu. Unyevu wa hewa unaofaa ni kati ya asilimia 60 na 80, na masika tunaupata bila juhudi. Taabu yetu ni kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ambapo upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na hewa hukauka. Hapo mmea usiokingwa utakunjamana matunguu yake ndani ya wiki chache. Wenzetu wa Kasulu na Buhigwe, walio juu zaidi na wenye usiku wa baridi, wachague spishi za milimani badala ya hizi za joto.

Kwa upande wa maji, ziwa hilohilo linalotupa hewa njema halifai. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu bomba letu la mjini linatoa maji ya ziwa. Maji ya Tanganyika ni ya alkali, pH yake iko karibu 9, na yana madini mengi yaliyoyeyuka. Ni matamu kwa samaki wake na hayatudhuru sisi, lakini okidi ya mtini haijapata kuyajua. Yenyewe imezoea maji ya mvua, ambayo hayana karibu chochote ndani yake. Ukiimwagilia maji ya bomba mwaka mzima, chumvi hujikusanya kwenye mizizi na juu ya majani ikaacha utando mweupe, ncha za majani zikawa nyeusi, na mizizi mipya ikafa kabla ya kurefuka. Kingeni maji ya mvua. Paa la bati la chumba kimoja tu, kwa mvua yetu ambayo kwa mwaka ni karibu milimita 1,000, hujaza mapipa mengi, na okidi chache hazitamaliza hata pipa moja kiangazi kizima. Pipa lifunikwe ili mbu wasizaliane. Wiki za kwanza za masika acheni mvua ioshe bati kwanza, kwa kuwa vumbi la kiangazi na moshi vimelala pale.

Chombo cha kupandia kiwe kifupi, au kisiwepo kabisa. Mimi napendelea tawi. Chukua kipande cha tawi la mwembe lililokauka, gome lake likiwa bado limeshika, kisichotoka kwenye mti uliopuliziwa dawa karibuni. Kisugue kwa brashi na maji, kianike juani hadi kikauke. Tandaza juu yake kuvumwani iliyoloweshwa, tabaka jembamba tu, kisha laza shina la okidi juu yake kwa namna ambayo ncha inayokua inaelekea kwenye sehemu tupu ya tawi, ili ipate njia ya kutambaa. Funga kwa uzi wa nailoni, ule wa wavuvi wa kushonea nyavu, kwa mizunguko inayopita kati ya tunguu na tunguu bila kuyabana. Hapo ndipo wengi huharakisha. Uzi ukilegea, mmea hutikisika kila unapouloweka, na mzizi mchanga hukatika ncha. Ukikazwa mno, hukata shina. Jaribu kwa kidole: mmea usogee pamoja na tawi, usisogee peke yake. Baada ya wiki kadhaa, ikiwa ni majira ya kukua, utaona chini ya tunguu jipya vincha vidogo vya kijani kibichi vikitokeza na kuinama kuelekea gomeni. Vikishagusa gome, hubapa na kushika, na kuanzia siku hiyo usiuhamishe mmea huo tena pasipo sababu nzito, kwa maana Bulbophyllum huchukia kusumbuliwa mizizi kuliko karibu kila kitu.

Asiyetaka tawi atumie sahani ya udongo au kikapu kifupi, ajaze vipande vya mkaa vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba vilivyooshwa vumbi lake, achanganye na magome yaliyokatwakatwa, na juu aweke kuvumwani kidogo. Mkaa hauozi upesi na unaacha nafasi za hewa. Udongo wa aina yoyote usiingie humo.

Mahali pa kuweka ni dirisha linalopata jua la asubuhi, nyuma ya pazia jepesi. Jani likiwa la kijani kilichokolea sana na laini, mwanga hautoshi. Likiwa la manjano lenye wekundu, umezidi. Jikoni pasifikiriwe kabisa, hasa kwenye jiko la mkaa au kuni, kwa kuwa moshi hubeba gesi ya ethilini inayofanya machipukizi ya maua yadondoke kabla ya kufunguka. Ndizi zinazoiva hutoa gesi hiyohiyo, kwa hiyo mwenye mkungu unaoivishwa sebuleni auweke mbali na okidi zake.

Kwa ajili ya kiangazi, Kigoma ina kitu ambacho miji mingine ya nchi hii haina kwa wingi, nacho ni mafundi wa matangi ya kioo, kwa sababu ya biashara ya samaki wa mapambo wa ziwa letu. Tangi lililovuja, lisilofaa tena kwa samaki, ni nyumba nzuri kwa okidi. Weka chini changarawe na maji ya mvua ya kina cha kidole kimoja, juu yake wavu wa kubebea matawi ili yasiguse maji, na mfunike kioo kwa robo tatu tu, robo iliyobaki iachwe wazi. Ukifunika kote, hewa husimama na kuvu huanza; ukiacha wazi kote, unyevu hutoka. Kila asubuhi nyunyizia maji, na jioni hakikisha majani yamekauka. Matawi yaliyo nje ya tangi yazamishwe kwenye ndoo ya maji ya mvua kwa dakika kumi kila asubuhi wakati wa kiangazi, na masika mara mbili au tatu kwa wiki hutosha.

Mbolea ni jambo dogo: ya maji, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila wiki mbili wakati mmea unakua, na maji matupu katikati. Wadudu gamba na vidung'ata hufutwa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Konokono huja usiku kula ncha za mizizi, basi mkague kwa tochi.

Kuhusu spishi za kuanza nazo, nitasema wazi ninavyoona. Mgeni asianze na Bulbophyllum phalaenopsis, hata kama picha yake imemteka. Ua lake limefunikwa na vinyama vyekundu vinavyofanana na funza na hunuka mzoga, na siku linapofunguka familia nzima itahama chumba. Harufu hiyo ni ya haki kabisa kwa mmea unaotafuta inzi wa mizoga, lakini mahali pake ni barazani. Aanze na Bulbophyllum falcatum hii, au Bulbophyllum lobbii ya Asia ambayo mdomo wake mkubwa unayumba kwa uwazi na ni mvumilivu, au ile chotara mashuhuri iitwayo Elizabeth Ann, ambayo maua yake marefu ya waridi huning'inia kwa safu. Anayetaka harufu nzuri atafute Bulbophyllum ambrosia, inayonukia asali.

Sasa suala la kuzipata. Hapa naomba tusikilizane kwa makini, kwa kuwa tunaishi kati ya Gombe na Mahale. Kung'oa mmea ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa la jinai, na okidi zote duniani zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Kuvusha mpaka mmea wa okidi uliochumwa porini bila kibali ni kosa jingine. Lakini hata sheria isingekuwapo, bado ningewasihi. Mmea wa porini uliokatwa mizizi mara nyingi hufa nyumbani, na anayeutoa anaondoa kwenye tawi kitu kilichochukua miaka mingi kufika hapo. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula ndani yake, na haiwezi kuota isipokutana na kuvu wa kuilisha. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua hilo mwaka 1899. Kati ya maelfu ya mbegu za tunda moja zinazopeperuka msituni, zinazokutana na kuvu sahihi juu ya gome sahihi ni chache mno.

Njia ya halali, na yenye matumaini, ni maabara. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu hizo huota bila kuvu zikiwekwa ndani ya chupa safi yenye chakula cha sukari na madini, na biashara yote ya okidi za leo imesimama juu ya jambo hilo. Kazi hiyo ni jamaa ya ile inayozalisha miche ya migomba kwa chupa, ambayo wakulima wetu wengi wamekwisha kuiona. Shule yenye sufuria ya shinikizo, sukari, chupa za jamu na kisanduku safi cha kufanyia kazi inaweza kujaribu, na mwalimu mwenye subira atapata miche. Kwa anayeagiza mimea kutoka nje, aagize kwa kitalu kinachotoa cheti cha afya ya mimea na hati ya CITES, kisha apitie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kabla mzigo haujafika, si baada ya kufika.

Mmea ulio mezani utabaki hapa shuleni, chini ya uangalizi wa wanafunzi wa klabu ya sayansi. Hauwezi kugawanywa sasa, kwani tumo katikati ya kiangazi na hauna mizizi mipya. Tutaukata mvua zitakapoanza, pale tunguu jipya litakapoonyesha vile vincha vya kijani nilivyovieleza, na kila kipande kitabaki na matunguu matatu au manne, kwa kuwa kipande kidogo kuliko hicho huchelewa sana kupata nguvu. Wanaotaka kipande waandikishe majina kwa katibu kabla ya kuondoka, na siku ya kugawana kila mmoja aje na tawi lake la mwembe limekwisha kusuguliwa na kukauka, pamoja na uzi wa nailoni wa mita moja. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nipo tayari kwa maswali, na lenzi bado iko hapa mezani.